Maji Safi ya Kasyelo

Mwanahalima aliingia bwawani na wavu wake, kanga ameifunga kiunoni juu ya suruali ya kazi, na maji ya baridi yakampanda hadi mapajani. Aliuburuta wavu polepole kandokando ya nyasi, mahali ambapo katika bwawa lolote lenye afya angechota wadudu wa kujaza kiganja. Akauinua, akaupindua ndani ya beseni jeupe aliloliweka ukingoni. Majani mawili yaliyooza yakaelea. Aliinama na kioo chake cha kukuzia, akatazama mpaka shingo ikamuuma. Hakuna kilichocheza.

Alijaribu katikati. Alijaribu kwenye kona ambako upepo husukuma takataka. Alichota tope la chini kwa kopo, akalichekecha kwenye kitambaa huku akilisuuza, akitafuta yale mabuu mekundu, membamba kama uzi, ambayo hata kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe hayakosekani. Tope likapita lote. Kitambaa kikabaki kitupu.

"Maji yetu ni safi, Bibi Samaki," alisema mwanamume aliyesimama ukingoni. "Unaona mpaka chini. Nionyeshe kijiji kingine Rungwe hii chenye bwawa kama hili."

Alikuwa Ambilikile, Mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa cha Kasyelo, mtu mrefu ambaye hakuwa akivua koti lake zito hata jua likiwaka.

"Usafi huu ndio unaonitisha, Ndugu Mwenyekiti," Mwanahalima alijibu. "Bwawa la samaki likiwa zima huwa la kijani. Ukitumbukiza mkono, vidole huvioni. Humu samaki hawana cha kula."

"Tunawapa pumba. Tunawapa majani ya magimbi."

"Pumba peke yake haiwatoshi. Perege mdogo anakuzwa na vijidudu vya majini, hivi ninavyovitafuta. Havimo. Kuna kitu kimeviua."

Ambilikile aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia neno alilokuwa akilingoja.

"Si kitu," alisema. "Ni mtu."

Mwanahalima alijua anamsema nani. Kasyelo nzima ilikuwa ikimsema huyo huyo.

Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mjini, mzaliwa wa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, binti wa mzee Abbasi fundi cherehani. Wavu ule aliushona baba yake kwa kitambaa cha chandarua alichokikunja mara kadhaa, akicheka kwamba serikali imemsomesha binti yake chuo cha uvuvi ili akavue mbu. Alipohitimu, Idara ya Uvuvi ilimrudisha wilayani kwao, na Kasyelo ndicho kijiji cha kwanza alichokabidhiwa. Mwaka uliopita alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akawaahidi watu samaki. Maneno hayo aliyasema kwa kinywa chake, na watu wakamwamini, kwa sababu shida waliyokuwa nayo haikuwaachia nafasi ya kutoamini.

Ilikuwa ndio kwanza watu wamehamishiwa vijijini. Ng'ombe wengi walikuwa wameuzwa au kufa katika hama hama ile, mashamba ya maharage yameachwa mbali, na watoto walikuwa wakishindia ndizi, ndizi asubuhi, ndizi jioni. Nywele zao ziligeuka nyekundu, miguu ikavimba, ngozi ikabambuka kama ya mtu aliyeungua. Muuguzi Felista wa zahanati alichoka kuwaambia akina mama kwamba hana sindano ya kutibu ugonjwa ule. Dawa yake ni kitoweo, alisema, samaki, nyama, maziwa, maharage. Ndipo wakachimba bwawa. Wanawake walibeba udongo vichwani na watoto mgongoni, ndani ya ukungu na matope, na hakuna aliyelazimishwa.

Isipokuwa mmoja. Bonde lililochaguliwa lilikuwa shamba la magimbi la mzee Andongwisye, alilorithi kwa baba yake. Siku ya mkutano mzee alisimama, akasema, "Mnanichukulia bonde langu. Haya, chukueni. Mtakula matope." Kisha akaketi. Vifaranga vya perege vilipoletwa na Land Rover ndani ya madebe ya maji, watu waliimba na kucheza, na maneno ya mzee yakasahaulika.

Sasa karibu mwaka ulikuwa umepita. Perege waliokuwa wakitolewa bwawani walikuwa na urefu wa kidole, vichwa vikubwa, miili imekonda kama jani, macho yamewatoka. Ndipo kila mtu akayakumbuka maneno ya Andongwisye.

"Jumamosi kuna mkutano," Ambilikile alisema. "Atatoka Kasyelo."

"Ataenda wapi?"

"Aende anakojua."

"Ndugu Mwenyekiti, yule amezaliwa hapa."

"Na wajukuu zetu je? Hawakuzaliwa hapa?" Aligeuka akatazama upande wa milima.

Mwanahalima alimfahamu Tumpe, mtoto wa Elina, binti wa Mwenyekiti. Elina alifiwa na mume kabla mtoto hajaanza kutambaa, akarudi nyumbani kwa baba yake. Tumpe sasa alikuwa amefika pale ambapo mtoto halii tena. Ukimletea chakula anageuza uso ukutani.

"Nipe mpaka hiyo Jumamosi," Mwanahalima alisema. "Niache nitafute. Nikikosa, nitasimama mwenyewe niseme nimeshindwa."

"Tafuta," Ambilikile alijibu bila kugeuka. "Lakini mkutano uko palepale."

Njia ya kutoka bwawani ilipita nyumbani kwa Andongwisye. Mwanahalima aliposogea alidhani amepotea, maana nyumba ile aliijua ikiwa imefichwa na migomba, na sasa ilikuwa uchi. Migomba yote ilikuwa imelala chini, imekatwakatwa kwa mapanga, utomvu bado unatiririka. Mke wa mzee, Atuganile, alikuwa akiokota mikungu michanga iliyotapakaa na kuiweka kwenye kikapu, mmoja mmoja, kama mtu anayeokota vyombo baada ya ajali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Asante, ndaga." Hakuacha kuokota. "Vijana walikuja asubuhi. Nimewajua wote. Wengine niliwapokea mimi walipozaliwa."

Nyuma ya nyumba alikuwa amefungwa ng'ombe mwekundu na ndama wake. Upande ule wa kijiji hakuwa amebaki ng'ombe mwingine mwenye maziwa. Atuganile alimwona Mwanahalima akimtazama yule ng'ombe.

"Elina alikuwa anakuja hapa kila siku na kibuyu," alisema. "Nilikuwa nampa maziwa ya mtoto. Mtoto akaanza kufungua macho. Halafu baba yake Elina akamkataza. Anasema maziwa yetu ni sumu, kama maji ya bwawa. Sasa namwachia ndama, anashiba mpaka anatapika. Na mimi nikilala namwona yule mtoto."

Andongwisye alitoka ndani akaketi kwenye gogo. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kila neno alilivuta kana kwamba analitoa kisimani.

"Wewe umesoma," alimwambia Mwanahalima. "Mimi nilisema neno la hasira. Neno linaua samaki?"

"Haliui, mzee."

"Basi waambie."

"Wakiniuliza ni nini kinachoua, sina jibu. Nitawaambia nikiwa na kitu mkononi."

Mzee aliitazama migomba yake. "Fanya haraka, mwanangu," alisema.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu kulipokucha. Mwanahalima alianzia pale mfereji unapoingiza maji bwawani, akaufuata mpaka kwenye kijito kilichokuwa kikiulisha, kisha akapanda nacho. Mpango wake ulikuwa rahisi. Vijito vya milima ile chini ya mawe yake hujaa uhai. Huko huwa kuna wadudu bapa wenye kucha za kung'ang'ania mkondo, na mabuu wanaojijengea vijumba vya mchanga, na watoto wa kereng'ende, na konokono wadogo kama punje ya mtama. Huko ndiko bwawa hupata mbegu yake. Aligeuza jiwe la kwanza. Tupu. Aligeuza la pili, akapitisha kidole chini yake. Hata utelezi wa kijani haukuwepo, jiwe lilikuwa safi kiganjani kama sahani iliyosuguliwa kwa mchanga.

Alipanda hivyo, ameinama, mvua ikimpiga mgongoni, vidole vimekufa ganzi hata kioo kikawa kinamponyoka. Kila jiwe lilikuwa kama lililopita. Mchana ulipofika alikaa ndani ya maji, kwenye changarawe, akalia. Huenda kijito kizima ndivyo kilivyo, alijisemea. Huenda maji yanayotoka mlimani hayajawahi kuwa na uhai wowote, na yeye, kwa ujinga wa msichana aliyetoka chuoni jana, aliwaambia watu wachimbe shimo na kulijaza maji mafu. Na kwa ajili ya ahadi yake mzee amekatiwa migomba. Alitamani kurudi Bagamoyo alale kitandani kwa mama yake asiulizwe kitu na mtu.

Aliinuka kwa sababu baridi ilimzidi. Akapita kona moja yenye jiwe kubwa bapa, akaparamia maporomoko madogo, na juu yake, bila matumaini, akageuza jiwe lingine.

Vikatawanyika. Miguu, mikia, mapezi, kila kimoja kikikimbilia upande wake kujificha mwanga. Mwanahalima alipiga kelele peke yake pale msituni. "Alhamdulillahi!" Aligeuza jingine, na jingine. Kote kulikuwa kumejaa.

Basi akashuka tena, jiwe kwa jiwe, kutafuta mahali uhai ule unapokoma. Ulikoma kwenye lile jiwe bapa, pale njia ya miguu inaposhuka kutoka shamba la kahawa la kijiji. Juu yake kulikuwa na uhai, chini yake hakuna kitu. Akalichungulia lile jiwe. Kwenye mashimo yake maji yalikuwa yameacha ukoko wa bluu unaoelekea ukijani. Aliukwangua kwa ukucha. Ulikuwa mrututu. Ndiyo dawa ya kahawa, wanayopulizia kuzuia chulebuni, ugonjwa unaooza matunda ya kahawa.

Alikuwa bado amechuchumaa pale aliposikia watu wakishuka. Alikuwa Amoni, kiongozi wa wapiga dawa, pamoja na wenzake wawili, pampu mgongoni. Walimsalimia kwa uchangamfu, wakatua mizigo, wakafungua pampu na kumimina masalio kijitoni. Maji yakawa ya bluu kama anga, yakateremka, yakapotea kwenye kona.

"Huwa mnaoshea hapa?" Mwanahalima aliuliza.

"Tangu tuanze kupiga dawa, dada. Mwenyekiti alisema tusithubutu kuoshea kisimani, watu wanakunywa. Tushukie huku, maji yanaenda bondeni tu."

Alisema hivyo kwa fahari ya mtu anayefuata maagizo mazuri. Na agizo lenyewe lilikuwa zuri. Mwanahalima aliwatazama wakisuuza mipira. Aliwaomba tu wamjazie chupa ya maji yale ya kusuuzia.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja ofisi ya kijiji, nguo zikimdondosha maji. Ambilikile alikuwa peke yake. Alimsikiliza mpaka mwisho, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuinama mezani.

"Nilitaka watu wasife," alisema mwishowe. "Niliwaza kisima."

"Najua. Na kisima umekiokoa. Hakuna atakayekulaumu kwa—"

"Hakuna?" Aliinua kichwa. "Binti, wewe utarudi Bagamoyo. Mimi nabaki hapa. Kesho nikisimama nikasema mrututu, watasema Mwenyekiti ndiye aliyeua chakula cha samaki, ndiye aliyemnyima mjukuu wake kitoweo, kisha akamsingizia mzee wa watu. Na dawa ni agizo la wilaya. Nikawaambie nini wilayani?"

"Dawa ipigwe. Pampu zioshwe kwenye shimo, mbali na maji. Na mfereji tuuhamishie kwenye chemchemi ya upande wa pili, ile haipiti kwenye kahawa."

"Halafu samaki watakua lini?"

Mwanahalima alikamua pindo la kanga yake.

"Nakuuliza, watakua lini?"

"Vijidudu vikirudi. Inaweza kuchukua msimu mzima."

"Tumpe hana msimu mzima." Alilisema kwa sauti ndogo sana.

"Kuna maziwa kwa mama Atuganile," Mwanahalima alisema. "Yapo leo. Ndama anatapika kwa shibe. Mruhusu Elina aende, Ndugu Mwenyekiti. Hayo mengine yatafuata."

Kwa kitambo kidogo alidhani amemshinda. Aliona macho yake yakilainika. Kisha yakafungwa tena, kama mlango. Kumruhusu Elina aende ilikuwa ni kukiri kila kitu, na Ambilikile alikuwa amekwisha waacha vijana wakate migomba.

"Nenda nyumbani," alimwambia. "Na kesho usije na mabeseni yako."

Alikuja nayo. Mkutano ulikuwa uwanjani mbele ya ofisi, asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya paa. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa akicheka na mwenzake.

"Uhuru!" Ambilikile alianza.

"Na kazi," waliitikia, kwa uchovu.

Alisema kwa kifupi. Watoto wanaisha, alisema. Samaki hawakui. Kila mtu alisikia kwa masikio yake neno lililotamkwa mwaka jana. Kijiji kiamue. Wakati wote huo hakumtazama Mwanahalima hata mara moja, na uso wake ulikuwa wa kijivu.

Mwanahalima alisimama.

"Sijakupa nafasi, Ndugu."

"Naiomba."

"Keti."

"Mwache aseme!" mwanamke mmoja alipaza sauti kutoka nyuma, na wengine wakaitikia. "Ndiye aliyeleta hao samaki. Aseme!"

Aliweka mabeseni mawili juu ya benchi. Moja alikuwa amelijaza maji ya juu ya jiwe bapa, jingine maji ya bwawa. Akawaita akina mama wasogee. Walisogea kwa kusitasita, kisha wakasukumana. Katika beseni la kwanza vijidudu vilikuwa vikikimbizana, viluwiluwi vikitikisa mikia, buu moja likiburuta kijumba chake cha mchanga. Katika la pili hakukuwa na kitu.

"Hiki ndicho chakula cha samaki wenu," alisema. "Kinatoka mlimani kila siku, kinateremka kuja kwenu. Njiani kinakufa. Sitawaambia kwa nini. Tazameni wenyewe."

Akafungua chupa, akamimina ndani ya lile beseni lenye uhai.

"Hayo ni maji ya pampu yangu," Amoni alisema kwa mshangao.

Walitazama. Mwanzoni hakukutokea kitu, na watu wa nyuma wakaanza kunong'ona. Mwanahalima aliomba kimoyomoyo. Kisha kiluwiluwi kimoja kikageuka tumbo juu. Mdudu mwenye miguu mirefu alianza kujikunja na kujikunjua, akang'ang'ania ukingo wa enameli, akateleza. Vile vidogo kabisa, vilivyokuwa vikirukaruka kama vumbi kwenye mwanga, vikazama kimoja kimoja chini ya beseni vikatulia. Mzee mmoja alivua kofia.

Elina alikuwa amejipenyeza mpaka mbele, Tumpe mgongoni, miguu iliyovimba ya mtoto ikining'inia pande zote mbili. Aliliangalia beseni, akamgeukia Amoni.

"Pampu mnaoshea wapi?"

"Kwenye jiwe la kijitoni."

"Nani aliwaambia?"

Amoni alimtazama Mwenyekiti, na watu wote wakamtazama Mwenyekiti.

"Baba," Elina alisema. "Umejua lini?"

Ambilikile angeweza kusema ndiyo kwanza anajua. Kila mtu angemwamini. Alifungua kinywa, akakifunga, akamtazama mtoto mgongoni kwa binti yake.

"Jana," alisema.

"Jana." Elina alilirudia neno kana kwamba ni la lugha ya kigeni. "Na leo nimekupigia magoti mlangoni niende kwa mama Atuganile, ukanizuia. Ulikuwa umekwisha jua."

Baba yake alibaki amesimama, mikono ndani ya lile koti.

Mtu mmoja alipiga kelele kwamba Andongwisye aitwe, aombwe radhi mbele ya watu. Vijana wakakimbia, wale wale wa mapanga. Walirudi polepole. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kamba, walisema. Majivu yalikuwa ya baridi. Ng'ombe na ndama hawapo.

Elina alikaza mbeleko, akaondoka uwanjani bila kuaga. Mwanahalima alimfuata.

Walishuka kuelekea barabara kuu kwa njia ya mkato kupitia mashamba ya ndizi, wakiteleza, wakishikana mikono kwenye miteremko. Kwenye madaraja ya miti waliangalia kama kuna kinyesi cha ng'ombe. Walikikuta, kisha wakakipoteza, kisha wakakikuta tena barabarani, mvua ikikisambaza. Kila walipokutana na mtu waliuliza. Wengine waliona wazee wawili na ng'ombe mwekundu, wengine hawakuona. Tumpe alikuwa kimya mno. Mara kwa mara Elina alisimama akageuza shingo kusikiliza.

"Anapumua?" aliuliza. "Tazama, Bibi Samaki. Mimi siwezi."

Mwanahalima aliweka vidole chini ya pua ya mtoto. Pumzi ilikuwa pale, ndogo kama ya kifaranga cha kuku. "Anapumua. Twende."

"Kama wamefika kwa watu wasiowajua, wakamuuza yule ng'ombe?"

"Twende, Elina."

Waliwakuta karibu na mji wa Kiwira, wamejikinga mvua chini ya paa la duka lililofungwa. Andongwisye amekaa juu ya mzigo, Atuganile ameshika kamba ya ng'ombe. Atuganile alipomwona Elina hakuuliza kitu. Alichukua kibuyu kwenye furushi lake, akachuchumaa, akaanza kukamua palepale kando ya barabara, ndama akimsukumasukuma begani.

Mtoto alikataa. Maziwa yalimwagika pembeni mwa mdomo yakaingia shingoni. Elina alichovya kidole akakitia mdomoni mwake, tena na tena, akimwita jina, akimbembeleza, akimkemea, akilia. Mwanahalima aligeukia barabarani kwa sababu hakuweza kutazama. Kisha akamsikia Atuganile akisema kwa Kinyakyusa neno lile la kumshukuru Mungu Kyala, akageuka. Koo la Tumpe lilikuwa likipanda na kushuka.

Alikwenda akachuchumaa mbele ya mzee.

"Wameona wenyewe," alimwambia. "Ni dawa ya kahawa. Wamejua si wewe. Wanataka urudi."

"Nani anataka?"

"Watu."

"Ndio waliokata migomba?"

"Ndio hao, mzee."

Mvua iliyokuwa ikidondoka kutoka kwenye bati ilichimba shimo karibu na mguu wa Andongwisye, naye akalitazama.

"Umefanya kazi yako, mwanangu. Asante sana, ndaga fijo. Lakini siwezi kuamka kila siku nikamsalimia mtu huku najiuliza kama panga lilikuwa lake. Tunakwenda kwa ndugu za mke wangu."

"Nichukueni," Elina alisema.

Wazee wakatazamana.

"Baba yako atasema nimemwiba mtoto," Andongwisye alisema.

"Aseme."

Mvua ilipopungua waliondoka wote, ng'ombe mbele. Mwanahalima alirudi Kasyelo peke yake, kwa kuwa kulikuwa na kazi ya kukinga mfereji kabla pampu hazijaoshwa tena.

Tumpe alipona. Felista alipita kwa hao ndugu za Atuganile wakati wa mavuno ya maharage akamkuta akicheza na ndama, nywele zimeanza kurudi nyeusi. Lakini watoto wengine wa Kasyelo hawakuwa na ng'ombe wa kukimbilia. Kabla masika hayajaisha baadhi yao walizikwa, na Mwanahalima alikwenda kila msiba, akakaa na akina mama waliokuwa wamebeba udongo wa bwawa vichwani. Hawakumlaumu. Ingekuwa rahisi kwake kama wangemlaumu.

Ambilikile hakuondolewa uenyekiti, wala hakuomba kuondolewa. Alianza tu kuchimba mfereji mpya kutoka kwenye chemchemi, kwa jembe lake mwenyewe, na kwa wiki nyingi hakuna aliyemsaidia isipokuwa Amoni. Siku moja Mwanahalima alikuwa akichota sampuli ya maji pale juu, Ambilikile akasimama, akaegemea mpini.

"Ukienda huko," alisema, "unamwona?"

"Namwona."

"Anatembea?"

"Anatembea. Anakimbia."

Aliitikia kwa kichwa. Alionekana kama anataka kuuliza lingine, akaliacha, akarudi kwenye jembe.

Kiangazi kilipoingia, watu walimwona akivuka barabara ya Kiwira, kuelekea alikokuwa Elina, na debe la unga begani na koti limepigwa pasi. Alirudi siku hiyo hiyo kabla jua halijatua. Debe hakuwa nalo. Hakumwambia mtu kama alikaribishwa ndani au debe liliachwa mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.